Miguu ya Korongo

Okewa, mtoto wa dadangu,

Kaa vizuri huko uliko, maana barua hii haitoki kwa mtu mdogo. Kaunti mbili zinanigombania. Migori wanasema Okech ni wetu, kitovu chake kilizikwa Rongo. Homa Bay wanasema hapana, kazi ya mikono yake iko ukutani kwetu, kwa hivyo ni wetu. Juzi sokoni Kosele wanaume wawili wazima karibu washikane mashati kwa sababu yangu. Ilibidi nisimame katikati yao niwaambie, "Jamani, natosha kwa wote." Wakapeana mikono. Mmoja alifuta machozi.

Najua ungenikatiza hapa. Ungeweka kamera chini, ukaze kitambaa chako kichwani, useme, "Nera, anza tena, na safari hii punguza nusu." Nera. Wapwa wengine wote wananiita mjomba tu, kwa Kiswahili cha shule. Wewe pekee ulitumia neno la nyumbani, nusu heshima nusu kicheko. Sasa hakuna wa kunipunguza, Adhiambo. Nimeachiwa maneno yangu yote mazima, na sikujua yana uzito hivi.

Haya, nimepunguza nusu. Picha yako ya sita imekwisha. Inaning'inia Homa Bay mjini pamoja na zile tano zako, na jina lako liko chini yake. Hiyo haina chumvi hata punje.

Wacha nianzie siku ile tulipokuzika, kwa sababu kuna mambo hukuyaona.

Watu walijaa. Wasabato wenzako waliimba mpaka kamba za hema zikalegea. Maharusi uliowapiga picha Rongo walikuja, wengine wameshika watoto mkononi. Kila aliyekuwa na neno alipewa kipaza sauti, na ilipofika zamu ya upande wa mama, nikasimama mimi. Nilitakiwa niseme machache, nikae. Unanijua. Nikasema, "Adhiambo ametuachia picha tano za nta, na ya sita haijaguswa. Msiwe na wasiwasi. Nta mimi ndiye niliyemfundisha, na ya sita nitaimaliza kwa mikono hii." Watu wakapiga makofi. Makofi, matangani! Na yule madam wa ukumbi wa maonyesho Homa Bay, aliyekuwa amekuahidi ukuta wake, alikuwa amekaa safu ya pili. Nikamwona anaandika.

Mama yako alingoja hema zing'olewe. Alinijia nikiwa nimebeba viti, akasema bila kupaza sauti, "Okech, hata kwenye kaburi la mtoto wangu umekuja kujisifu." Kisha akaenda kufunga chumba chako cha kazi, ufunguo akauficha kifuani. Tangu hapo akawa haongei nami. Nikipiga simu, anaiacha ilie mpaka ichoke. Dada yangu wa tumbo moja, ambaye nimembeba mgongoni. Sawa, yeye ndiye aliyenibeba mimi.

Nilirudi Rongo nikakaa na mizinga yangu. Unajua neno lenyewe la kunichoma lilikuwa lipi? Kwamba nilikufundisha mimi. Okewa, mimi nilichokuwa nacho ni ndoo. Ulikuja kwangu siku moja na viatu vimejaa vumbi jekundu, ukauliza, "Nera, una nta?" Nikakuambia ninayo ya kupiga plasta kanisa. Yalikuwa mabaki tu ya kukamua asali, nilikuwa nawapa mafundi viatu wapake nyuzi zao. Ukafungua simu ukanionyesha mtu wa nchi gani sijui, anapaka nta ya moto juu ya picha. Nikasema huyu ana wazimu, na wewe umeambukizwa.

Siku ya pili yake tulikuwa nyuma ya jiko langu. Ulikuwa umechapisha picha ya twiga wa mbuga ya Ruma kwenye karatasi ya kawaida, si ile inayong'aa, ukaigandisha kwenye ubao. Ukapanga mikebe ya nyanya juu ya kikaango cha chapati, nta ndani, na vile vijiwe vya utomvu ulivyoagiza Nairobi ili nta iwe ngumu, isilainike ukutani kwa joto letu. Ukapaka. Ukapitisha joto juu yake tena, nta ya juu ishikane na ya chini. Halafu ukaniomba udongo mwekundu wa shambani, ukauchekecha kwa soksi yangu, soksi nzuri kabisa, ukautia kwenye mkebe mmoja ukawa rangi. Ilipofika mchana twiga alikuwa amesimama kwenye ukungu, yuko na hayuko. Ukasema, "Ona sasa, anapumua." Nikakupa ndoo nzima. Kwetu mtoto wa dada akija kwa nera hanyimwi kitu, na wewe desturi hiyo uliitumia vibaya sana.

Kisha Ruma. Ile siku uliponichukua kukubebea mfuko wa kamera, nami nimevaa shati langu jipya la buluu. Hukuniambia kwamba mbung'o wa Bonde la Lambwe wanapenda buluu kuliko wokovu. Walinifuata kama mimi ndiye sherehe. Na nyati yule aliyetutokea njiani tukirudi, nikamkazia macho mpaka akaona aibu akaondoka! Ulienda ukawaambia watu alikuwa ng'ombe wa mtu. Sawa. Lakini macho yake yalikuwa ya nyati.

Narudi kwenye barua.

Mwezi wa nne tangu uondoke, madam wa ukumbi akanipigia. Sauti yake ilikuwa nzuri, lakini maneno yalikuwa na mifupa. "Mzee Okech, kulabu ukutani ni sita. Ulisimama mbele ya watu ukasema. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao, la sivyo ukuta nitawapa wengine." Nikamwambia, "Madam, sita hizo ungeongeza ziwe kumi." Nilipokata simu nikahesabu siku kwa vidole. Picha zako zingerudi chini ya kitanda. Na mama yako angekuwa na haki juu yangu mpaka nife.

Nikafunga safari kwenda Kosele na ndoo ya nta. Nilimkuta mama yako barazani mbele ya cherehani, lakini cherehani imefunikwa. Vitambaa vya sare za shule vya wateja vimerundikwa pembeni, juu yake paka amezaa. Amekonda, okewa. Alitazama ndoo, akanitazama mimi. Sikusema kitu. Unaamini? Mimi, kimya. Akatoa ufunguo kifuani, akaniwekea mkononi. "Ukiiharibu, usinionyeshe uso wako tena hapa." Yeye mwenyewe hakukaribia mlango.

Chumbani kwako palikuwa na harufu ya asali na vumbi. Kompyuta yako imefungwa na neno la siri ulilokwenda nalo; nilijaribu jina lako, la mama yako, hata langu. Kwa hivyo picha ya sita, ya korongo, ilikuwa ile moja tu, uliyokwisha kuigandisha kwenye ubao. Nikaisimamisha dirishani nikaitazama. Si korongo ndege, ni yule swala mkubwa, masikio kama ya punda mwenye cheo, uso mweusi na mweupe kama amevaa barakoa. Ulinisimulia ulivyolala kifudifudi kwenye nyasi nusu ya siku ukimngoja, mpaka akainua mguu mmoja wa mbele, taratibu, kama mgeni anayevua kiatu mlangoni. "Nera, tazama miguu," ndivyo ulivyosema. Ulikuwa unaumwa tayari, na hukuniambia.

Daftari lako lilikuwa mezani. Mimi niliishia darasa la sita, najua, na nusu ya daftari umeandika Kiingereza. Lakini nililisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, siku tatu. "Ikitoa moshi umeiua." "Brashi ya nailoni HAPANA," umepiga mistari miwili. Na mahali pamoja: "Nta ya Nera inanukia kuliko ya dukani." Huo mstari niliusoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nilianza kwa mazoezi, kwenye picha za kalenda kuukuu. Nilidhani mistari miwili ni ya kutishia watoto, nikatumia brashi ya nailoni. Iliota upara ndani ya mkebe. Ubao wa pili ulitoka vizuri ajabu, nami nikafanya kama mtu yeyote aliyezaliwa karibu na ziwa angefanya: kitu kibichi huanikwa. Nikautandaza juani juu ya wavu kama omena. Niliporudi, nta yote ilikuwa imeshuka chini, kalenda imebaki uchi, na kuku watatu wa jirani wameganda miguu. Mmoja mpaka leo anatembea kama askari kwenye gwaride. Jirani alikuja kulalamika. Mama yako alikuwa barazani, na nilisikia sauti. Sina hakika ilikuwa kicheko. Inawezekana alikohoa. Lakini nililala na hiyo sauti kama mtu aliyelipwa.

Wiki ya tatu mkono ulikuwa umetulia. Nikamchukua korongo mwenyewe. Nta ya kwanza, ile isiyo na rangi, ilikaa kama maji. Nikapaka ya pili. Sasa inahitaji joto la kuishikanisha, na stima ikapotea, ile mashine yako ya kukaushia nywele ikafa mkononi. Ningengoja. Lakini barazani kulikuwa na pasi ya makaa ya mama yako, na wewe mwenyewe umeandika kwamba stima ikipotea uliitumia. Nikaichukua bila kuomba, nikaijaza makaa.

Makaa yalikuwa ya mti mbaya, mti wa hasira. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mama yako baadaye, na mwuza makaa amesemwa sana kwa hilo. Moshi ulipanda. Nilipoinua pasi, kuanzia tumbo kwenda chini korongo hakuwa na miguu. Nta imeungua, karatasi imekuwa rangi ya chai kavu. Ule mguu ulioinuliwa, ule ambao wewe ulilala nyasini kuungoja, haupo.

Nilisimama pale, pasi mkononi.

Harufu ndiyo iliyomwita mama yako. Alikuja kwa hatua za kugombana, "Nani amechukua pasi yangu?" mpaka akajikuta ndani ya chumba. Akasimama. Alitazama mikebe yako, kanga yako kwenye msumari, kisha akatazama ubao. Nikajiuliza sasa uso wangu nitaupeleka wapi. Nikafungua mdomo niombe msamaha, akasema, "Nyamaza kwanza."

Akaninyang'anya pasi. Akalowesha kidole kwa ulimi, akaigusa, ikalia tss. Akatikisa kichwa. Akatoka akamwaga nusu ya makaa, akairudisha huku akiipunga hewani, akagusa tena, safari hii ikanong'ona tu. "Miaka thelathini nashona, Okech, wewe unakula kwangu, hujawahi hata kutazama? Pasi haiegemei. Inapita kama mtu aliyebeba yai. Lete nta."

Nikaleta nta.

Alipitisha pasi juu ya mgongo wa korongo, juu ya shingo, polepole, bila kubonyeza, na nta ikajilaza kama ngozi. Sehemu iliyoungua hakuigusa. Aliitazama muda mrefu. Halafu akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, ile ambayo haikosi hapo hata kanisani, akaanza kukwaruza palepale palipoungua. Mstari mmoja kwenda juu, mwingine umeinama kidogo. Nyasi. Nikaelewa. Nikachanganya rangi ya kijani na ile ya udongo wa Rongo, nikajaza mikwaruzo kwa kidole, tukafuta juu, mistari ikabaki. Tukakwaruza tena. Nyasi zikapanda mpaka tumboni.

Katikati ya kazi, bila kuinua macho, akasema, "Alikuwa analala kwenye nyasi hizi na nguo nyeupe. Nyeupe! Na wa kufua ni mimi." Akacheka, okewa. Si kukohoa. Alicheka mpaka sindano ikaanguka, kisha akalia, kisha akaniambia niitafute sindano nisije nikaikanyaga.

Tulifanya hivyo siku sita. Yeye pasi na sindano, mimi nta na rangi. Siku zote sita tulikuwa nawe. Alinieleza mambo yako ambayo sikuyajua, kwamba ulipokuwa mdogo ulikuwa unakata picha za wanyama kwenye magazeti ya kufungia nyama. Siku ya nne aliniuliza kama kuna kitu cha kula. Siku ya tano alimhamisha paka na watoto wake, akafunua cherehani. Wazazi wa wanafunzi watasema nini sijui, sare zimechelewa muhula mzima, lakini zinashonwa.

Tulipeleka picha tukiwa na siku tatu za ziada. Madam alizitundika zote sita. Watu walikuja, wa kanisani, wa sokoni, walimu, mpaka wavuvi wawili kutoka Rusinga waliosema walikupa chai mara moja ulipokuwa unatafuta viboko. Na kila mtu, kila mtu, alisimama mbele ya zile nyasi. "Nyasi hizi! Nani amezifanya?" Mwalimu mmoja akaniuliza kwa nini miguu haionekani. Nikamwambia hiyo ndiyo sanaa yenyewe, mnyama wa Lambwe haji bondeni, anaota kama mti. Aliandika. Mama yako alikuwa karibu, akanitazama, akaacha ipite.

Halafu akaja askari wa mbugani, mrefu, kofia mkononi. Alisimama mbele ya korongo muda mrefu kuliko wote. Akasema, "Huyu namjua." Mama yako akageuka. "Sikio la kushoto, tazameni, limechanika ncha. Ni yeye. Bado yupo. Wiki iliyopita nilimwona na ndama."

Adhiambo, mama yako alimshika yule mtu mkono kama ndugu aliyerudi kutoka mbali. Akamwuliza ndama ana urefu gani, anasimama vizuri, ana masikio ya mama yake? Alimwuliza mpaka madam akaleta viti. Kisha akanijia, na maneno ya kwanza aliyonipa mbele za watu tangu mazishi yakawa haya: "Omera, ndugu yangu, nataka kumwona."

Kwa hivyo habari za nyumbani ni hizi. Chumba chako hakifungwi tena, dirisha liko wazi. Kila Jumapili wanawake watatu wa kanisa wanakuja kujifunza, na mwalimu ni mama yako. Anawakaripia kuhusu pasi kuliko alivyonikaripia mimi. Wanaanza na viboko wa Rusinga, kutoka kwenye zile picha ulizokuwa umekwisha kuchapisha. Mimi naleta nta kutoka Rongo na kuosha mikebe. Cheo changu ni Mkurugenzi wa Nta. Nimejipa mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga. Kaburi lako limeota nyasi, mama yako hataki zikatwe fupi.

Nami nakuahidi hivi. Kabla mvua ndefu hazijafunga njia za Lambwe, nitampeleka mama yako Ruma. Kamera yako ataishika yeye, mimi nitabeba mfuko. Sitavaa buluu. Tukikutana na ng'ombe nitasema ng'ombe. Tutalala kwenye nyasi, wazee wawili wenye magoti mabovu, tungoje mpaka korongo ainue mguu, na huo mguu tutauleta nyumbani tuupake nta uwe picha ya saba, pembeni ya ile ya sita. Pumzika, mtoto wangu. Oriti, kwaheri, okewa. Salamu zote za Rongo na za Kosele zimo humu.

Lakini kabla sijafunga bahasha, kuna jambo moja, na usicheke kwa sauti.

Makaa hayakuwa na kosa. Yalikuwa makaa mazuri sana. Pasi niliitua juu ya miguu ya korongo, nikajiambia ni dakika moja tu, nikatoka mpaka barabarani kumweleza mama mwuza samaki kwamba mkono wangu sasa umefikia wako. Nilieleza vizuri, kwa mikono yote miwili, kama siku ile ya mazishi. Mama yako nitamwambia huko Ruma, tukiwa mbali na pasi yoyote. Na yule mama wa samaki, Adhiambo, hata hakuinua kichwa. Aliendelea kupara mbuta wake, halafu akaniuliza kama nanunua, au nimekuja tu kuwazibia wateja wake njia.

Wako,
Nera Okech